Bipu ya Jumapili

Uvira, tarehe 13 Agosti 2024

Kwa Mama Jeancy, Rurambo

Mama,

Namba yako ya simu iliuzwa kwa mteja mwingine mwanzoni mwa Juni na haitarudi kwako, amesema jana Bi Louise, mkuu wa huduma kwa wateja katika biro ya kampuni ya simu Ziwatel hapa Uvira. Alisema hivyo akiwa nyuma ya kioo, mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni, na hakunikataza kuandika.

Sababu aliyotoa ni hii. Kampuni ilitaka kila mteja aje mwenyewe na kadi yake ya uchaguzi kabla ya mwisho wa Mei ili aandikishwe upya. Namba zisizoandikishwa zilifungwa, kisha zikauzwa. Nilimweleza kwamba tangu Machi uko Rurambo ukimuuguza dada yako Apollinarie aliyevunjika nyonga, na kwamba ulikuwa unawasha simu Jumapili tu, juu ya kilima, mahali pekee ambapo rezo, mtandao wa simu, inafika huko kwenu. Akajibu kwamba ujumbe wa kukujulisha ulitumwa, na kompyuta inaonyesha ulifika. Nikamuuliza uliandikwa kwa lugha gani. Kwa Kifaransa, akasema.

Nilimuuliza pia kuhusu kilima chenyewe, ambacho tangu Julai hakinasi chochote, ndiyo maana tunaandikiana kwa karatasi. Alisema mnara wa bondeni unasubiri kifaa, na kwamba kifaa ni suala la Kinshasa.

Halafu niliipigia namba yako. Aliyepokea anaitwa Onesphore, anabadilisha dola na franga pale Kavimvira, karibu na mpaka wa Burundi. Anasema aliinunua namba hiyo kihalali, na ameiandika kwa rangi kwenye ubao wa meza yake. Anasema pia kwamba mwezi wa Julai mwanamke fulani alimpigia akidai arudishiwe namba, naye akakata, maana ndivyo matapeli wanavyoanza. Nadhani mwanamke huyo ni wewe.

Barua yako ilifika redioni pamoja na za wasikilizaji wengine wa kipindi chetu cha malalamiko ya wateja. Watu wanalalamika mega za intaneti zilizokwisha kabla picha moja haijafunguka, uniti za kupigia simu zilizokatwa kwa ajili ya nyimbo ambazo hawakuziomba, simu zinazonasa rezo ya Burundi mtu akiwa kitandani kwake Kavimvira na kumtoza kama msafiri. Wewe peke yako ndiye unayeomba namba, hiyo hiyo na si nyingine. Wengine wakifungiwa hununua kadi mpya ya simu, wanasonga mbele. Kabla sijaandika malalamiko rasmi, nieleze: kwa nini lazima iwe hiyo?

Wako,
Modeste, mwandishi wa redio


Rurambo, tarehe 18 Agosti 2024

Bwana Modeste,

Barua yako ilipanda jana na Chance, anayeshusha maziwa ya huku hadi Uvira kwa pikipiki. Miye niliisoma mara mbili, mara moja kimya na mara moja kwa sauti, kwa sababu dada yangu analala chali mchana kutwa na anataka kujua mambo ya kila mtu.

Mwanamke wa Julai ni mimi. Nilikuwa nimeshuka kwangu Mutarule kuangalia mihogo. Nikaomba simu ya jirani, nikapiga namba yangu mwenyewe. Mwanaume akapokea: "Karibu, leo dola tunazinunua vizuri." Nikamwambia, "Baba, uko unaongea ndani ya simu yangu." Akasema, "Na weye mama, siku hizi wezi wanafanya kazi hadi saa za chakula?" Akakata.

Sasa nikujibu ulichouliza. Nina mtoto mmoja, Jeancy. Tangu mwaka jana yuko Kalemie, anachomelea vyuma katika karakana ya boti. Sisi wawili si watu wa maneno mengi, na uniti zinakula pesa. Tulipatana hivi: kila Jumapili, ibada ikitoka, ananibipu mara moja, simu inalia kidogo kisha anakata. Maana yake, niko mzima. Namrudishia bipu moja. Maana yake, nami pia niko mzima. Hakuna anayepokea, hakuna anayelipa. Na tukapatana kwamba nisipojibu Jumapili mbili zikifuatana, asiulize mtu, aje.

Februari simu yake iliibiwa. Akamtuma msafiri aniambie kwamba atakuwa anabipu kwa simu za watu, kwa hiyo namba ngeni nikiiona Jumapili nisiogope, niijibu tu. Nilifanya hivyo hadi Mei, nikiwa kule kilimani. Namba hizo sinazo. Simu yangu ni ya tochi, betri ikitoka inasahau yote.

Jumapili ya kwanza ya Juni nilipanda kilimani, simu ikaniambia kadi haitambuliki. Tangu siku hiyo sijamjibu. Kwa mapatano yetu, Jeancy angekuwa amefika tangu Juni. Tuko Agosti. Hakufika. Nilipokuwa Mutarule niliuliza nyumba kwa nyumba kama kijana alipita kunitafuta, hakuna aliyemwona.

Mtoto wangu si mtu wa kuacha neno lake. Kama hakuja, basi kuna kitu kilichomzuia, na sipendi kuandika ni kitu gani. Ile namba ndiyo mlango pekee anaoujua. Nataka niwe nyuma ya mlango huo akibisha. Kama bado anabisha.

Fanya malalamiko yako.

Léocadie, mama yake Jeancy


ZIWATEL – BIRO YA UVIRA
Huduma kwa Wateja

Uvira, tarehe 22 Agosti 2024

Kwa Bwana Modeste

Bwana,

Tumepokea malalamiko yako ya tarehe 20 Agosti kuhusu namba inayodaiwa na Bi Léocadie wa Mutarule na kutumiwa na Bwana Onesphore wa Kavimvira.

Tunafurahi kukujulisha kwamba kampuni imelichukua jambo hili kwa uzito. Ili kulinda haki za pande zote mbili, namba husika imesimamishwa kuanzia leo asubuhi. Haipigi wala haipokei hadi uamuzi utakapotolewa.

Mhusika yeyote akihitaji maelezo anaweza kutupigia bure, saa zote, kutoka katika namba yake ya Ziwatel.

Asante kwa kutuchagua.

Louise


Kavimvira, tarehe 26 Agosti 2024

Bwana mwandishi,

Tangu lini redio inafunga simu za watu? Ulinipigia kwa sauti ya upole, nikakujibu kama mtu mwenye heshima zake, kumbe ulikuwa unanipima shingo. Alhamisi saa tatu asubuhi simu yangu ikawa jiwe. Nikaenda Ziwatel. Wakaniambia nimelindwa. Nikawauliza nimelindwa na nani. Na malalamiko, wakasema, ya mwandishi fulani.

Namba ile iko kwenye ubao wangu kwa rangi nyekundu. Wateja wangu wa Bujumbura wanapiga, sauti ya yule dada wa mashine inawaambia namba haipatikani. Kwa kazi yetu, mtu asiyepatikana ni mtu aliyetoroka na pesa za watu. Jana shemeji yangu alivuka mpaka kuja kunitazama kama bado ninakaa kwenye kiti changu.

Wote wamenikosa, hata bahili wangu wa Jumapili. Huyo sijui ni nani. Tangu ninunue namba, kila Jumapili mchana ananibipu. Bipu moja, basi. Nikasema, huyu anataka kubadilisha pesa lakini anataka mimi ndiye nimpigie, nile uniti zangu kwa kumuuliza shida yake. Siwezi. Nikamrudishia bipu. Wiki iliyofuata, tena. Nami tena. Mkaidi kakutana na mkaidi. Mke wangu anacheka, anasema siku moja mmoja wenu atakufa na mwenzake hatajua. Hata yeye leo atanihesabu mtoro.

Funga midomo ya wakubwa kama unaweza. Meza yangu iachie.

Onesphore


Uvira, tarehe 28 Agosti 2024

Mama Jeancy,

Mtu amekuwa akiibipu namba yako mara moja kila Jumapili mchana, tangu Juni hadi Jumapili ya tarehe 18 mwezi huu, anasema Onesphore, mbadilisha pesa wa Kavimvira. Aliniandikia juzi, na leo asubuhi amenirudia maneno hayo ana kwa ana. Nasema "mtu" kwa sababu Onesphore hakuwahi kusikia sauti. Lakini siku ni ile, saa ni ile, na idadi ni ile mliyopatana. Kwa maoni yangu ni mwanao, na tarehe 18 alikuwa na nguvu za kushika simu.

La pili ni hili. Onesphore alikuwa akijibu. Alidhani ni mteja bahili anayetaka apigiwe, naye kwa ukaidi akawa anamrudishia bipu moja kila mara. Ukizihesabu wiki, Jeancy alikosa jibu Jumapili moja tu, ile ya kwanza ya Juni. Iliyofuata alijibiwa, na zilizofuata zote. Ndiyo maana hakuja. Hakuna kilichomzuia, kwa hesabu yake wewe ulikuwa unajibu.

La tatu ni baya. Namba imesimamishwa tangu Alhamisi tarehe 22. Kampuni ilifanya hivyo baada ya malalamiko niliyoyaandika mimi. Kwa hiyo Jumapili iliyopita, kama Jeancy alibipu, hakupata mtu. Nimekwenda Ziwatel mara mbili kuomba ifunguliwe wakati kesi inaendelea. Bi Louise anasema aliyeisimamisha ni yeye, lakini wa kuifungua ni Kinshasa.

Nilimwomba Onesphore anipe namba ambayo bipu zilitoka. Bado imo ndani ya simu yake. Amekataa. Anasema hajui kama wewe ni mama wa mtu au ni tapeli aliyepata mwandishi wa kumwamini, na kwamba namba nitaipata siku atakayofunguliwa yake. Nimemwachia barua yako ya tarehe 18 aisome. Sikukuomba ruhusa, niambie kama nimekosea.

Modeste


Rurambo, tarehe 1 Septemba 2024

Modeste mwanangu,

Hukukosea kumpa barua. Ningempelekea mwenyewe kama dada yangu angeweza kusimama.

Niliposoma mstari wako wa kwanza nilitoka nje nikakaa kwenye nyasi, ng'ombe wa watu wakanipita. Miezi mitatu nimekuwa nikimzika huyu mtoto kila nikilala na kumfukua kila nikiamka. Kumbe alikuwa anamaliza ibada yake, anabipu, anakwenda kula.

Halafu nikasoma yaliyobaki. Nikuambie bila hasira, kwa sababu ni hesabu tu. Mpaka ulipouliza, mimi nilikuwa hai Kalemie. Mwanaume wa Kavimvira, kwa ubahili wake, alikuwa ananiweka hai vizuri kabisa. Sasa serikali ya simu imekuja kunilinda, na leo ni Jumapili ya pili.

Dada yangu anasema nisikulaumu, na sikulaumu, mimi ndiye niliyekwambia ufanye malalamiko. Lakini mwambie yule Bi Louise kwamba mimi sitaki tena kulindwa. Ampe yule mwanaume namba yake leo, ajibu bipu yake, kila mmoja arudi alipokuwa.

Na kama imechelewa, niambie hivyo hivyo, bila kuzungusha.

Léocadie


Uvira, tarehe 10 Septemba 2024

Mama Jeancy,

Jeancy yuko njiani, na anaamini umefariki. Aliyesema hayo ni Naomie, anayeuza uniti na kukodisha simu mbele ya kanisa analosali mwanao Kalemie. Nilizungumza naye juzi Jumapili kwa simu ya mke wa Onesphore.

Naanza na Onesphore, kwa sababu ndiye aliyefungua njia. Nilimwendea mara tatu. Mara mbili za kwanza alinipa kiti na hakunipa namba. Jumapili nilimkuta nyumbani kwake, barua yako iko mezani. Alikuwa ameisoma, na mke wake pia. Aliniambia: "Bwana mwandishi, miezi mitatu nimekuwa mama wa mtu bila kujua. Na ningekuwa mama mwema zaidi kama ningempigia hata mara moja." Kisha akatafuta namba ndani ya simu yake iliyofungwa, akainakili kwenye simu ya mke wake, akapiga mwenyewe. Uniti zilikuwa zake.

Naomie alipokea. Nilimuuliza kama anamjua kijana mchomeleaji anayeitwa Jeancy, anayebipu kila Jumapili. Akauliza, "Yule aliyefiwa na mama?"

Nilimwambia mama yake hajafa. Aliniomba nirudie. Halafu akanieleza kwa mpangilio, nami nakueleza vilevile.

Jeancy huja baada ya ibada, hulipa kidogo, hubipu, husubiri. Bipu ikirudi humwonyesha Naomie kioo cha simu na kusema, "Umeona? Mama huyo," kisha huondoka. Tarehe 25 Agosti mashine ilisema namba haipatikani. Alijaribu tena, akalipa, akaenda. Tarehe 1 Septemba ilikuwa hivyo hivyo. Alikaa kwenye benchi la Naomie hadi watu wote wakaisha. Naomie alimshauri apige kwa jamaa wengine. Akajibu kwamba hakuna haja, alishapatana na mama yake maana yake ni nini.

Jioni hiyo kwaya ilimfanyia maombi. Wenzake wa karakana wakakaa naye kilio. Mkuu wake alimruhusu. Tarehe 5 alikwenda Kabimba, kaskazini ya Kalemie, kupakia mahindi kwenye boti ya mizigo inayokuja huku, ili kazi hiyo iwe nauli yake. Hana simu. Nimejaribu namba mbili za kapteni wa boti hiyo. Ni yule yule dada wa mashine. Naomie ameahidi kumweleza kila anayekwenda Kabimba, lakini alinionya kwamba watu wanaokwenda huko ni wachache.

Karani mmoja wa bandari ya Kalundu, hapa Uvira, ameniambia boti inatarajiwa Alhamisi tarehe 19 Septemba, alfajiri au asubuhi.

Kuna njia moja zaidi. Redio za Kalemie na Baraka zinaweza kusoma tangazo usiku, kwamba Jeancy aambiwe mama yake Léocadie yuko hai. Kwenye boti watu husikiliza redio. Nikipata idhini yako, nalituma siku hiyo hiyo kwa simu. Nijibu kwa Chance haraka.

Modeste


Kavimvira, tarehe 12 Septemba 2024

Mama Léocadie,

Mimi ni yule wa dola. Nilikuita mwizi, na ninaliondoa neno hilo. Lile la saa za chakula pia.

Sina maneno mengi ya kukupa ila moja. Nilikuwa namjibu mwanao hapo hapo Jumapili zote isipokuwa moja ya Julai, tulipokuwa kwenye arusi Bujumbura. Simu ilibaki mezani nyumbani, nilipoiona ilikuwa usiku. Nikajibu saa hiyo hiyo ya usiku. Mke wangu akaniuliza kwa nini najisumbua kwa bahili. Nikasema, labda anasubiri. Sikujua nasema nini.

Ukishuka, nyumba yetu iko hatua chache kutoka kizuizi cha forodha. Uliza kwa Onesphore wa ubao mwekundu. Utalala kwetu, usilale kwa watu.

Kuhusu namba, ikirudi, tutazungumza. Mimi naweza kupaka ubao upya.

Onesphore


ZIWATEL – BIRO YA UVIRA
Huduma kwa Wateja

Uvira, tarehe 12 Septemba 2024

Kwa Bi Léocadie, kwa mkono wa Bwana Modeste

Mteja wetu mpendwa,

Tuna furaha kukujulisha kwamba ombi lako limepata jibu zuri kutoka Kinshasa. Namba husika inaweza kurudishwa kwa jina lako.

Unaombwa kufika wewe mwenyewe katika biro yetu ya Uvira, ukiwa na kadi yako ya uchaguzi, siku ya Alhamisi tarehe 19 Septemba 2024, saa mbili kamili asubuhi. Siku hiyo afisa wa Bukavu atakuwepo na mashine ya kuandikisha, na ataondoka kabla ya saa sita. Mteja asiyefika atahesabiwa kuwa ameacha dai lake, na namba itabaki kwa mteja wa pili.

Hatutumi mwakilishi wala hatupokei mwakilishi.

Louise


Rurambo, tarehe 15 Septemba 2024

Modeste mwanangu,

Barua zote tatu zimefika kwa mkono mmoja, Chance amezishika tangu Alhamisi kwa sababu ya mvua kwenye mteremko. Kwa hiyo jibu langu limechelewa, lakini lingekuwa lile lile.

Tangazo, hapana. Weye ni mtu wa redio, labda umezoea. Sisi huku, jina la mtu mzima likisomwa redioni usiku, watu wanashika vichwa kabla sentensi haijaisha. Jeancy akisikia "Léocadie wa Mutarule" juu ya maji, hatasubiri kusikia neno "hai". Atakuwa amesikia alichokuwa anaogopa. Na wenzake kwenye boti watamnyamazisha mwenye redio, kwa heshima. Muache asafiri na huzuni aliyoizoea. Ni siku chache. Mimi nilibeba yangu miezi mitatu.

Kuhusu Ziwatel, uliniambia mwenyewe kwamba boti iko njiani kufika Alhamisi tarehe 19, alfajiri au asubuhi. Bi Louise ananitaka Alhamisi tarehe 19, saa mbili. Dada yangu amecheka hadi nyonga ikamuuma. Anasema niende Ziwatel saa mbili, nikimbie Kalundu saa tatu. Lakini naijua foleni ya pale. Julai nilisimama hapo tangu kufunguliwa hadi kufungwa, na nilipofika kwenye kioo waliniambia rezo imekatika. Ndani ya Ziwatel kwenyewe.

Akishuka kwenye boti asinione, atachukua pikipiki ya kwanza hadi Mutarule, kutafuta kaburi. Watu wa Mutarule hawajui kitu, watashangaa, atadhani wanamficha. Sitaki apite hata njia hiyo moja.

Kwa hiyo mpe Bi Louise jibu langu. Nimeacha dai langu, kama wanavyoandika wao. Namba ibaki kwa Onesphore. Aliitumia vizuri kuliko kampuni. Mwambie asipake ubao, na kwamba nitalala kwake Jumatano, nimeshukuru.

Consolée, jirani yetu, atabaki na dada yangu. Jumatano hiyo nashuka na maziwa. Nitavaa kitenge cha kijani ambacho Jeancy mwenyewe aliniletea, ili anione kutoka mbali kabla sijamwita, maana nikimwita kwanza ataanguka majini.

Wewe ukitaka kuja, njoo bila kinasa sauti chako. Simama nyuma ya magunia.

Kalundu, Alhamisi, kabla ya jua.

Léocadie